Taka za kielektroniki na nishati jadidifu katika muhula mmoja: mwongozo kamili kwa mwalimu wa sekondari

Shuleni mambo haya mawili hufundishwa kila moja kivyake. Uchafuzi wa mazingira unakaa kwenye Jiografia na Biolojia, umeme wa jua na upepo unakaa kwenye Fizikia, na mwanafunzi anamaliza akiwa ameshika kwamba sola ni kitu kisafi na taka ni kitu kichafu. Hajaambiwa kwamba betri ya sola ya zahanati ya kijijini kwao, siku ikifa, itakuwa miongoni mwa taka za hatari zaidi pale kijijini. Wala hajaonyeshwa kwamba printa iliyolala stoo ina jenereta ndani yake. Mwongozo huu unayafundisha yote mawili pamoja. Umeandikwa kwa mwalimu mwenye klabu ya sayansi au ya mazingira, mwenye kipindi kimoja kwa wiki, muhula mmoja, na fedha kidogo sana. Mifano mingi ni ya Tanzania. Mwalimu wa Kenya au Rwanda atabadilisha majina ya taasisi, kazi ni ileile.

Ukubwa wa jambo waambie siku ya kwanza, kisha usiwachoshe na takwimu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Waache wenyewe waulize zilizobaki ziko wapi. Swali hilo ndilo linalofungua hatua ya kwanza.

Maandalizi

Anza na mkuu wa shule. Kompyuta na printa zenye namba ya mali ya shule ya serikali hazifunguliwi hata kama zimekufa miaka kumi iliyopita: ni mali ya umma, na kufutwa kwake kuna utaratibu unaopitia kwa Mhakiki Mali wa Serikali. Walimu wengi hawalijui hili, na klabu nzuri inaweza kufa kwa sababu ya printa moja iliyofunguliwa bila kibali. Tumia vifaa vilivyotolewa na wazazi, wafanyabiashara wa stationeri au mafundi, na kila kinachopokelewa kiandikwe kwenye daftari: kifaa gani, kimetoka kwa nani, lini.

Vifaa vya kazi ni vichache. Bisibisi za nyota na za bapa za saizi mbalimbali, plaizi, malitimita (mita ya kupimia umeme) moja ya bei nafuu kwa kila kikundi (au moja kwa klabu nzima, mkipokezana), miwani ya kinga, glavu za kitambaa, mzani wa jikoni, na paneli ndogo ya sola ya wati 10. Paneli hiyo ndiyo itakayokula fedha nyingi kuliko vingine, lakini ukitafuta hutakosa mtu wa kukuazima. Vikundi viwe vya wanafunzi wanne au watano. Wakizidi hapo, wawili wanafanya kazi na wengine wanatazama. Viatu vya kufunika miguu ni lazima. Mwenye kandambili siku hiyo anakuwa mwandishi wa kikundi, hashiki bisibisi.

Hatua ya 1: Ukaguzi wa nyumbani

Usiwaambie walete kitu bado. Kila mwanafunzi aende nyumbani na karatasi yenye safu nne: kifaa, kimekufa tangu lini, ugonjwa wake, na kwa nini bado kipo. Safu ya nne ndiyo yenye somo. Majibu yatakayorudi unaweza kuyakisia: simu ya kitochi ya marehemu babu inayohifadhiwa kwa kumbukumbu, sabufa inayosubiri fundi, king'amuzi kilichobadilishwa kampuni, deki ambayo mama anasema ilinunuliwa ghali, chaja sita zisizojulikana ni za nini. Mkiyajumlisha ubaoni, darasa litaona kwamba taka hizi kwa sehemu kubwa hazijafika jalalani. Ziko uvunguni mwa kitanda na juu ya kabati, na zipo kwa sababu watu wanaamini bado zina thamani. Hawajakosea.

Hapohapo waongezee safu ya tano: je, kuna kifaa cha sola nyumbani, na betri yake ya kwanza ilikwenda wapi? Majibu ya swali hili yahifadhi. Utayahitaji hatua ya 6.

Hatua ya 2: Mipaka mitatu

Kabla bisibisi haijashikwa, wanafunzi wajue kuvigawa vifaa katika mafungu matatu: vya kufungua, vya kufunguliwa na mwalimu tu, na visivyofunguliwa na yeyote shuleni. Wengi huandika haya kama orodha ya makatazo na kuibandika ukutani. Usifanye hivyo. Kila katazo hapa ni mada ya fizikia au kemia, na mwanafunzi akiijua sababu ataitunza sheria hata akiwa nyumbani peke yake, mahali ambapo karatasi yako ya ukutani haimfikii.

Fungu la kwanza ni printa za wino, kibodi, mausi, rimoti, spika ndogo, redio za betri kavu zilizokwisha kutolewa betri, na viendeshi vya CD. Volti zake ni ndogo na sehemu zake zinaonekana vizuri.

Fungu la pili ni kompyuta za mezani na kitu chochote chenye pawa saplai ndani. Hapa fanyeni hesabu ubaoni. Umeme wa ukutani ni volti 230, lakini hicho ni kipimo cha wastani wa aina yake. Kilele cha wimbi ni 230 mara 1.414, yaani karibu volti 325. Pawa saplai inaugeuza umeme huo kuwa wa mkondo mnyoofu na kuuhifadhi kwenye kapasita kubwa, na kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa. Kwa hiyo mwalimu anaifungua kompyuta, anaitoa pawa saplai ikiwa kasha zima, anaiweka kando bila kulifungua, kisha ndipo wanafunzi wanaendelea na kilichobaki. Kompyuta mpakato nazo zimo humu kwa sababu ya betri zake.

Fungu la tatu halina mjadala. TV ya chogo: kioo chake kina risasi, metali nzito yenye sumu, na ile waya nene yenye kofia ya mpira inayoingia mgongoni mwa kioo hubeba makumi ya maelfu ya volti. Maikrowevu: kapasita yake hufanya kazi kwenye maelfu ya volti na imeua mafundi wazoefu. Friji: kuna gesi na oili. Tyubu za taa na zile taa za kuokoa umeme: ndani yake kuna zebaki, na zikipasuka mvuke wake unavutwa na kila aliyemo chumbani. Betri ya lithiamu ya aina yoyote: ikitobolewa au kukunjwa, pande mbili zake zinagusana, joto linapanda na inawaka yenyewe, moshi wake ni sumu. Betri ya gari au ya sola: asidi ya salfuriki na risasi. Paneli ya sola nayo iweke humu, maana kioo chake kilichogandishwa na plastiki hakitoki kwa bisibisi, kinavunjika tu.

Hatua ya 3: Kukusanya na kutunza

Sanduku kubwa la mbao au plastiki, chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji na si juu ya udongo. Betri zikae peke yake mbali na vifaa vingine, ncha zake zikizibwa kwa utepe wa gundi ili zisigusane. Betri ya simu iliyovimba haingii sandukuni wala haingii darasani: iwekwe kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mahali pasipo na majani. Mwanafunzi asitumwe kuokota jalalani hata siku moja. Na simu yoyote inayoletwa, mwenyewe atoe laini na kadi ya kumbukumbu kwanza mbele yako, kwa sababu picha na meseji za watu hazifutiki simu inapokufa.

Hatua ya 4: Kufungua printa

Kama utafanya hatua mbili tu za mwongozo huu, fanya hii na inayoifuata. Chagua printa ya wino. Usichague ya leza, kwa sababu unga wa tona ni laini mno, unaruka, na hautakiwi mapafuni. Katriji za wino zitolewe nje ya darasa na kufungwa kwenye mfuko, na eneo la chini zinapopumzikia katriji muwe waangalifu nalo, maana kuna sifongo iliyolowa wino wa miaka yote. Ukiona kisanduku cheusi ambacho waya wa ukutani unachomekwa, hicho ni pawa saplai. Toka nacho kizima, kama ilivyoelezwa.

Kabla ya skrubu ya kwanza, kila kikundi kichore umbo la printa kwenye karatasi kubwa, na kila skrubu inayotoka iwekwe juu ya mchoro mahali ilipotoka. Zoezi hili linaonekana la kitoto lakini linafundisha kazi ya ufundi kuliko maneno. Mfuniko wa juu ukishatoka kuna wakati vijana wote wananyamaza. Wataona fimbo ya chuma iliyong'aa ambayo kichwa cha kuchapia hutelezea, mkanda mwembamba wenye meno, gia za plastiki nyeupe zenye grisi, ubao wa kijani wa saketi, na mota mbili au tatu. Waulize kila sehemu inafanya nini kabla hujawaambia. Mkanda wasogeze kwa kidole na watazame gia ipi inazunguka.

Mkimaliza, pangeni vipande kwa aina ya mali: plastiki, chuma kinachonaswa na sumaku, metali isiyonaswa, waya, bodi, mota. Pimeni kila fungu kwenye mzani na mpige asilimia. Karibu kila printa itawapa jibu lenye kufikirisha: plastiki ndiyo nyingi kwa uzito na haina mnunuzi wa karibu, wakati bodi ndogo yenye uzito wa kiganja ndiyo iliyobeba shaba na madini ya thamani. Hapo ndipo wanafunzi wanaelewa kwa nini mwokotaji anabeba bodi na waya na kuacha makasha yakizagaa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kitu chochote kuliwa.

Hatua ya 5: Mota inageuka jenereta

Chukueni mota ya printa na taa ndogo ya LED. LED nyekundu huwaka kwa volti karibu 2, nyeupe inahitaji karibu 3, kwa hiyo anzeni na nyekundu. Mnaweza kuzing'oa kwenye ubao wa mbele wa king'amuzi au printa yenyewe. Msing'oe ya rimoti mkadhani imeungua: mwanga wake hauonekani kwa macho, ingawa kamera ya simu nyingi huuona, na hilo nalo ni zoezi zuri la dakika tano.

Mota za printa ni za aina mbili. Ya waya mbili ni ya mkondo mnyoofu. Ya waya nne, tano au sita ni ya hatua, mafundi huiita stepa. Ukiizungusha kwa vidole unaisikia inakwenda kwa vigongo vidogo vidogo. Kwenye stepa ya waya nne tafuteni jozi kwa malitimita ikiwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani): waya mbili zinazoonyesha omu chache au makumi machache ni za koili moja, zisizoonyesha kitu si jozi. Fungeni LED mbili kwenye jozi hiyo, zikielekeana kinyume, mguu mrefu wa moja na mguu mfupi wa nyingine. Zungusheni mhimili kwa nguvu. Zitawaka kwa kupokezana, haraka kiasi kwamba jicho linaona zote zinameta. Waulize kwa nini zinapokezana. Mwanafunzi atakayejibu kwamba umeme unabadili mwelekeo amekwisha kuelewa mkondo geu bila kuchorewa wimbi. Kwenye mota ya waya mbili LED moja tu itawaka, na ukizungusha kinyume itawaka ya pili.

Sasa lile jaribio ambalo silikosi kamwe. Toeni LED, gusanisheni waya mbili za koili, kisha mwanafunzi azungushe mhimili tena. Umekuwa mzito. Achanisheni waya: umekuwa mwepesi. Mpe kila mmoja ajaribu kwa mkono wake, wote, hata kama kipindi kinakwisha. Umeme ukipita kwenye koili unaunda usumaku unaopinga mwendo ulioutoa, na mkono unalipa kwa nguvu kila kinachotoka upande wa pili. Faraday aliugundua uzalishaji wa umeme kwa mwendo wa sumaku mwaka 1831, na huhitaji maabara ya kisasa kuuonyesha. Baada ya jaribio hili mwanafunzi hadanganyiki tena na zile video za mota inayojizungusha yenyewe na kutoa umeme wa bure.

Kutoka hapa vuka kwenda kwenye mitambo mikubwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla 2,115. Mradi wa upepo wa Turkana nchini Kenya una mitambo 365 na jumla ya megawati 310. Waambie wapige hesabu ya mtambo mmoja wa upepo (haufiki megawati moja) na walinganishe na mmoja wa Rufiji, kisha wajadili kwa nini watu bado wanajenga vya upepo. Kinachotokea ndani ni kilekile walichokishika mkononi. Kinachobadilika ni nani anayezungusha.

Kikundi chenye hamu kinaweza kutengeneza pangaboi: mabapa matatu yaliyokatwa kwenye bomba la plastiki la inchi 4, yakifungwa kwenye gia ya stepa. Onyo moja litakalowaokolea wiki nzima: msitumie mota ya feni ya mezani au ya dari ya kawaida. Nyingi hazina sumaku ya kudumu ndani, kwa hiyo ukizizungusha hazitoi kitu.

Hatua ya 6: Sola kwa vipimo, kisha betri

Paneli ya wati 10 ya kuchaji betri ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizoungwa kwa mfululizo. Ikiwa haijafungwa kwenye kitu, juani itaonyesha karibu volti 21. Waya zake zikigusanishwa kupitia mita kwenye tundu la ampea 10, itaonyesha karibu ampea 0.6 jua likiwa kali. Kugusanisha waya za paneli ndogo hivi hakuna madhara. Kugusanisha waya za betri hivyohivyo kunaweza kuunguza mkono na mita, na tofauti hiyo wanafunzi waandike kwa wino mwekundu.

Fanyeni majaribio mawili. La kwanza ni kivuli: funikeni seli moja kwa kadi, pimeni volti, kisha ampea. Volti zitapungua kidogo tu, ampea zitaanguka vibaya. Seli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo moja iliyozibwa inazizuia zote. Mwanafunzi aliyeliona hili ataenda kupanda juu ya bati kwao kukata tawi la mwembe. La pili ni joto: itoeni paneli darasani ikiwa baridi, pimeni volti mara tu inapofika juani, kisha pimeni tena baada ya dakika 15. Volti zinaweza kushuka kwa 1 hadi 2. Watu wengi wanaamini jua kali likichoma zaidi paneli inatoa zaidi. Kinachohitajika ni mwanga, joto ni hasara. Kwa seli nyingi za silikoni kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 inaondoa kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu, na kwenye bati la Dodoma mchana seli zinafika nyuzi 60 bila shida. Ndiyo maana fundi mzuri anaacha nafasi ya upepo kati ya paneli na bati.

Kisha hesabu za matumizi, kwa vitu wanavyovijua. Betri ya simu janja ya mAh 4,000 yenye volti 3.85 inabeba wati-saa 15.4 (ampea-saa 4 mara volti 3.85). Ya kitochi ya mAh 1,000 na volti 3.7 inabeba 3.7. Taa ya wati 3 ikiwaka saa 4 inakula 12. Paneli yetu ikipata jua zuri la saa 4, na tukiondoa hasara za joto na waya, inatoa kama 30. Familia iamue: taa usiku kucha, au simu mbili?

Jua linazama saa moja jioni na taa inatakiwa baada ya hapo. Kwa hiyo betri, na hapa ndipo nishati jadidifu na taka zinapokutana uso kwa uso. Rudini kwenye safu ya tano ya ukaguzi wa nyumbani. Majibu mengi yatakuwa: tuliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, au ipo nyuma ya nyumba, au kaka alimwaga maji yake akauza kasha. Betri ya risasi na asidi, ikitumiwa mpaka ikaisha kila siku, mara nyingi haimalizi miaka michache, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Risasi hiyo inarejelezwa vizuri kabisa kiwandani. Tatizo ni inavyoyeyushwa.

Wasimulie Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri chakavu ili kupata risasi, kikiwa kimepakana na makazi ya watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Aliacha kazi, akawaandaa majirani, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi iliyoendelea hadi Mahakama ya Juu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa sababu inadhuru ubongo unaokua. Toa muda kwa kisa hiki. Waache waulize nani alipaswa kuzuia, na betri zilizoyeyushwa pale zilitoka kwa nani.

Ujumbe wa kupeleka nyumbani uwe mfupi: betri iuzwe nzima, maji yake yasimwagwe, isivunjwe.

Hatua ya 7: Mwalike fundi simu

Kurejeleza ni jambo la mwisho. Kabla yake kuna kutengeneza, na mtaalamu wake yuko karibu na stendi. Mwalike fundi mmoja, mlipe hata nauli, na mwombe abadilishe tundu la chaji la simu mbele ya darasa. Atakuja pia na boksi la simu za kutolea spea. Mwulizeni kila moja imechangia nini kwa simu zilizo hai. Wanafunzi wamwite fundi kwa heshima yake na wamwandikie barua ya shukrani; amefundisha.

Wapo watakaouliza dhahabu. Ipo kweli, kidogo kidogo, kwenye miguso ya bodi. Kwa medali za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo pamoja na simu milioni 6.21 kati ya 2017 na 2019, wakapata kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi. Medali ya marathoni ambayo Eliud Kipchoge alivishwa Agosti 2021 imetokana na simu na vifaa hivyo: ni fedha iliyopakwa zaidi ya gramu 6 za dhahabu. Hapo msisimko utapanda, na hapo uushike. Simu zaidi ya milioni sita, viwanda vya kisasa, kilo 32. Anayejaribu nyumbani kwa asidi atapata mvuke unaochoma mapafu na dhahabu isiyojaa ukucha. Wanafunzi wa Geita na Chunya, wanaoijua zebaki ya machimboni, wataelewa haraka. Vilevile kuchoma waya ili kupata shaba: plastiki yake ina klorini, na moshi una sumu kali ziitwazo dioksini. Waya humenywa kwa kisu.

Hatua ya 8: Mabaki yaende wapi

Plastiki na chuma vina wanunuzi, ingawa wa plastiki huenda wasiwe karibu. Bodi, betri na vitu vya fungu la tatu vinahitaji mkusanyaji mwenye kibali. Tanzania, ofisi ya kanda ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) ndiyo ya kuuliza ni nani mwenye kibali cha taka hatarishi karibu nanyi. Kenya ni NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vifaa. Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Shule moja ina mzigo mdogo, mkusanyaji hatasafiri kwa ajili ya kilo tano, hivyo kubalianeni shule kadhaa za kata na muwe na siku moja ya kukusanya. Msipopata mkusanyaji muhula huu, tunzeni. Sanduku kavu lililofungwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko shimo nyuma ya bweni.

Hatua ya 9: Kupima walichojifunza

Mtihani wa kuandika insha kuhusu madhara ya taka utakupa aya walizokariri. Weka mezani taa ndogo ya sola iliyokufa, ile ya kubebwa, na mwite mwanafunzi mmoja mmoja kwa dakika tano. Kifaa hiki kinabeba kila kitu: paneli, betri, LED, swichi, bodi na plastiki. Alama 20 zigawe hivi. Alama 4: kabla ya kusema imekufa, anaitoa juani na kupima volti za paneli yake. Alama 4: anataja sehemu zinazoharibika mara kwa mara na zinazotengenezeka, yaani betri, swichi na tundu la chaji, na anasema angempelekea nani. Alama 4: anajua betri ya ndani iko fungu gani na anaeleza sababu kwa fizikia yake. Alama 5: akipewa wati za paneli na wati-saa za betri, anakadiria saa za kuchaji na za kuwaka. Alama 3: anaeleza kila kipande kitaenda kwa nani taa ikishindikana kabisa. Atakayekimbilia kufungua betri kwa kucha anarudishwa hatua ya 2 na kupewa nafasi nyingine wiki inayofuata, na taa ileile.